"Ji" ya Amejitakia

Mwezi Agosti mwaka 2024, usiku mmoja nikiwa nasahihisha madaftari ya kidato cha pili, niliandika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wetu maneno sita ambayo yamebaki hapo hadi leo: "Tusubiri tusikie na upande wa pili." Niliyaandika kwa kalamu nyekundu mkononi, kwa utulivu wa mtu anayedhani ametoa busara, kisha nikarudi kwenye madaftari yangu.

Siku zile nchi nzima ilikuwa ikizungumzia video ya binti aliyebakwa na kundi la wanaume waliomrekodi huku wakimlazimisha amwombe radhi mtu waliyemtaja kama "afande". Wengi walimjua kwa jina la binti wa Yombo Dovya, mtaa wa Dar es Salaam, na mimi sitamtaja kwa jina jingine lolote. Video hiyo sikuitazama, na silisemi hilo ili nisifiwe, kwa kuwa sikuhitaji kuitazama ndipo niwe na maoni. Maoni nilikuwa nayo tayari. Nilikuwa nimeyaokota humo humo mitandaoni, ambako ilikuwa inazagaa kwamba kisa chote kilianzia kwa mume wa mtu, na kichwani mwangu habari ya mume wa mtu ilikwisha kugeuka kuwa "upande wa pili", kana kwamba ubakaji wa genge ni ugomvi wa majirani wawili waliogombea mpaka wa shamba.

Kesho yake asubuhi shangazi yangu alinipigia simu. Ni muuguzi mstaafu, mtu wa maneno machache, na kwenye kundi la ukoo hutuma salamu za Idi na taarifa za misiba tu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, baba. Hebu nieleze, upande wa pili wa nini?"

Nikaanza kujieleza. Nilisema kwamba sikumtetea mtu, kwamba kuna mambo hatuyajui, kwamba watu wanasema yule binti na mume wa fulani, na kadiri nilivyoendelea ndivyo nilivyoisikia sauti yangu ikipungua. Aliniacha nimalize. Kisha akaniuliza hali ya watoto na bei ya mahindi huku kwetu, akaniaga. Ningependa angenigombeza.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na ugonjwa wa kazi yangu ni kwamba siwezi kusoma neno bila kulikata vipande. Baada ya simu ile nilirudi kusoma maoni niliyokuwa nikiyapita haraka haraka, safari hii nikiyasoma kama ninavyosoma insha za wanafunzi, na nikaona kitu ambacho kwa miaka yote ya kufundisha viambishi sikuwahi kukiona. Amejitakia. Alijipeleka mwenyewe. Kajilengesha. Wanajirahisisha sana hawa. Alijiachia. Maneno yote hayo yalikuwa yamebebwa na kiambishi kimoja kidogo, "ji", kile tunachowafundisha watoto kwamba hudokeza mtenda na mtendwa kuwa mtu mmoja. Juma amejikata, yaani aliyekata ni Juma na aliyekatwa ni Juma. Asha amejipaka mafuta. Mtoto amejifunika shuka. Ni kiambishi kisicho na hatia, ila ukikipachika mahali ambapo watenda walikuwa wanaume wanne au watano na mtendwa alikuwa binti mmoja, kinafanya kazi ambayo hakuna wakili angeweza kuifanya kwa silabi moja: kinawatoa wanaume wote chumbani na kumwacha binti peke yake, akiwa yeye ndiye mtenda na yeye ndiye mtendwa.

Tena kinakuta njia imekwisha kusafishwa. Sisi husema "amebakwa", na vichwa vya habari husema "Binti abakwa", kauli ya kutendwa, ambamo anayetangulia kwenye sentensi ni yule aliyeumizwa, na aliyeumiza, kama atatajwa, hutajwa mwishoni baada ya "na". Mara nyingi hata huyo "na" hatumfikii. Sisemi kauli ya kutendwa ifutwe kwenye lugha, maana nami ninaitumia humu humu, lakini naona jinsi hatua hizo mbili zinavyofuatana: kwanza mtenda anapotea, halafu "ji" inaingia kujaza nafasi yake iliyo wazi kwa kumweka mtendwa. Hata methali niliyokuwa nikiwaandikia wanafunzi ubaoni kila mwaka, na ambayo nimeikuta ikinukuliwa chini ya habari za namna hii mara nisizoweza kuhesabu, ina hila hiyo hiyo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huvunjika. Nani aliyelivunja? Methali haisemi, guu limevunjika lenyewe, kama kikombe kilichoteleza.

Katikati ya mwezi ule ule gazeti likamnukuu kamanda wa polisi wa mkoa wa Dodoma akisema kwamba binti yule alikuwa kama anajiuza. Anajiuza. "Ji" ile ile, sasa ikiwa na cheo begani. Watu waliwaka, na makao makuu ya Jeshi la Polisi yakajitenga na kauli ile, yakaomba radhi, na kamanda akahamishwa kutoka kituo chake. Hilo lilikuwa jambo la maana, kwa sababu si kila siku taasisi kubwa hapa kwetu inakubali kwamba neno moja limeumiza. Hata hivyo, kilichonishughulisha mimi zaidi ni namna sisi wengine tulivyomjibu kamanda. Wengi, na kwa nia njema kabisa, waliandika: hajiuzi yule, ni binti wa watu. Wengine waliandika kwamba ni mdogo tu, hana makuu, ametoka kwenye familia ya heshima. Nilisoma majibu hayo nikiyakubali yote mpaka nilipogundua kwamba hakuna hata moja kati ya yale niliyokuwa nimeyapenda lililosema "hata kama". Hata kama angekuwa anajiuza. Hata kama mume alikuwa wa mtu. Sisi watetezi tulikuwa tumekubali kimya kimya sharti la wale tuliokuwa tukibishana nao, kwamba kabla mtu hajahurumiwa ni lazima kwanza alete cheti cha tabia njema, na ubishi wetu ulikuwa juu ya cheti tu, kama kipo au hakipo.

Nadhani hapo ndipo penye kiini cha upendeleo huu, na ndiyo maana nasita ninaposikia ukielezwa kama tatizo la watu wachache wenye roho mbaya. Anayeandika "amejitakia" na anayeandika "hakustahili, ni binti mstaarabu" wanapima kwa mzani mmoja. Tofauti ni kwamba mmoja amesoma uzito huku na mwingine kule. Na mwanamke ambaye kweli anauza mwili wake, akibakwa usiku wa leo, hao wote wawili hawana la kumwambia.

Kwa nini tunafanya hivi? Mwaka 1966 mwanasaikolojia wa Marekani, Melvin Lerner, akiwa na mwenzake Carolyn Simmons, walichapisha matokeo ya jaribio lililowaonyesha wanafunzi mwanamke aliyeonekana kupigwa shoti za umeme kila alipokosea. Kwa kweli hakuwa akiumizwa, bali watazamaji hawakulijua hilo. Waliopewa nafasi ya kumwondoa kwenye mateso walimwondoa. Walioambiwa kwamba mateso yataendelea na wao hawana la kufanya walianza kumshusha thamani, wakimwona kuwa mtu asiyependeza. Lerner alieleza kwamba binadamu ana haja kubwa ya kuamini kuwa dunia hutoa haki, kila mtu akivuna alichopanda, na anapoona mtu anateseka bila sababu huona afadhali aitafute sababu ndani ya mtu huyo kuliko kuiacha imani yake. Nikimsoma, nilifikiri juu ya akina mama kwenye daladala wanaosema "mwanangu mimi hawezi kutoka usiku". Hawana ukatili wowote. Wanajituliza, wanajihakikishia, wanajitenga na balaa. Kumbe kama kuna mahali ambapo "ji" ingekaa kwa haki, ni kwenye vitenzi vyetu sisi tunaotazama.

Lakini utulivu huo una gharama, na analipa mwingine. Maswali mawili ambayo hayakosekani chini ya habari yoyote ya ubakaji ni "mbona hakupiga kelele?" na "mbona hakuripoti mapema?" Swali la kwanza sheria yetu imekwisha kulijibu zamani. Kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu, kama kilivyorekebishwa na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, kinasema kwamba ushahidi wa kukinzana, kama vile majeraha mwilini, si lazima ili kuthibitisha kwamba tendo lilifanyika bila ridhaa. Wabunge waliokaa Dodoma miaka mingi iliyopita walijua kile ambacho sisi kwenye simu zetu bado hatukijui: kwamba mtu aliyezingirwa huweza kukauka kama gogo, na kukauka hakumaanishi kukubali.

Swali la pili nilijibiwa na shangazi, miezi kadhaa baadaye, nilipokwenda kumsalimia. Tulikuwa tumekaa kibarazani, anachambua mchele kwenye ungo, na mimi ndiye niliyeianzisha habari. Aliniambia kwamba katika miaka yake ya wodini, saa aliyoichukia kuliko zote ni ile ya kumwuliza mgonjwa "lilitokea lini?" Kwa sababu dawa za kinga dhidi ya maambukizi ya virusi vya Ukimwi zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake, naye alikuwa akiwapokea wasichana siku ya tano, siku ya saba, mmoja baada ya wiki mbili, wameoga, wamefua nguo, wameisuka upya hadithi ili iwe na mlango uliovunjwa au kisu, maana wanajua hadithi isiyo na kisu haisikilizwi. "Wanakuwa wamekwisha kujiuliza maswali yote mtakayowauliza nyinyi," alisema, bila kuacha kuchambua. "Wanakuja wakiwa wamekwisha kujihukumu." Nilihisi ile "nyinyi" ikinigusa begani.

Hilo ndilo jambo ambalo mwandishi wa maoni halioni. Yeye anadhani anazungumza juu ya binti mmoja wa kwenye video, ambaye huenda hatayasoma maneno yake kamwe. Lakini kundini mwetu kuna watu 64, na kwa vyovyote zaidi ya nusu ni wanawake. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto Tanzania uligundua kwamba karibu wasichana watatu kati ya 10 walikuwa wamepata angalau tukio moja la ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Nilipoandika "tusikie na upande wa pili" sikuwa nikiandika mahali patupu. Nilikuwa nikiwaarifu watu wa damu yangu, mmoja mmoja, ambao sitawajua majina, kwamba wakija kwangu na habari kama hiyo nitawasikiliza huku nikimtafuta mtu wa pili wa kumsikiliza.

Utafiti huo huo ulikuta mvulana mmoja kati ya saba amepitia jambo kama hilo. Juu ya hao hatuandiki hata "amejitakia". Tunacheka. Akiwa mtendaji ni mwanamke mtu mzima, tunasema dogo ana zali, na akiwa ni mwanamume tunanyamaza kabisa, na ukimya huo sijui nani atauvunja, maana hata mimi nimeupa aya hii fupi tu.

Majirani zetu wa Kenya walipita njia hii kabla yetu. Mwaka 2014 mwanamke mmoja alivuliwa nguo hadharani na wanaume kwenye kituo cha magari jijini Nairobi kwa madai kwamba sketi yake ilikuwa fupi, tukio likarekodiwa na kusambazwa, na tarehe 17 Novemba wanawake wakaandamana mitaani wakisema nguo yangu ni uamuzi wangu. Mitandaoni wakaibuka wengine na kaulimbiu ya kuwapinga, kwamba uchi si uamuzi wao. Ubishi ukageuka kuwa wa urefu wa sketi. Bunge lao lilikuwa na macho makali kuliko wabishi: kabla ya mwaka kwisha liliingiza katika sheria kosa la kumvua mtu nguo kwa nguvu, kifungo kisichopungua miaka 10, na katika kifungu hicho hakuna mahali popote palipotajwa kipimo cha sketi.

Kuna kundi jingine ambalo sijui niliweke wapi. Hawa hawalaumu wala hawatetei, wao wanaomba koneksheni. Chini ya taarifa inayosema binti ameumizwa, kwenye maoni yale yale yenye "pole sana dada", unakuta mtu ameandika namba za kutumiwa video. Wito wa kuacha kuisambaza ulitolewa na bado ikasambazwa. Mwanafunzi wangu mmoja aliniambia kwa unyofu kabisa kwamba yeye aliitazama ili "ajue ukweli". Sikumjibu vizuri. Leo ningemwuliza ni ukweli gani alioupata ndani yake ambao hakuwa nao kabla, na kama waliorekodi hawakuwa wakiitaka hasa hadhira ya namna yake, kwa kuwa adhabu waliyokusudia ilihitaji watazamaji ili ikamilike.

Narudi kwenye upande wa pili, maana sipendi nionekane nimeukimbia. Mtuhumiwa ana haki ya kusikilizwa na kuhesabiwa hana hatia mpaka ithibitishwe vinginevyo, na watu wamewahi kusingiziwa, na kuna wazazi wanaoogopa jambo hilo kwa watoto wao wa kiume kwa sababu za kweli. Haki hiyo ina mahali pake pa kukaa, nayo ilikaa: kesi ilisikilizwa Dodoma, washtakiwa wakapata nafasi ya kujitetea, na tarehe 30 Septemba 2024 mahakama ikawahukumu wote wanne kifungo cha maisha jela, na kila mmoja akaamriwa amlipe binti shilingi milioni moja. Hata sheria ya ubakaji wa genge yenyewe inasema kifungo hicho hakitazami nani alifanya nini hasa kati ya waliokuwapo. Sikuona mahali ambapo mahakama hiyo ilihitaji msaada wangu wa saa mbili usiku. Kusubiri ningeweza kusubiri kweli, kwa kunyamaza. Mimi sikusubiri, nilitumia neno "tusubiri" kumtilia shaka mtu mmoja tu, yule ambaye hakuwa ameshtakiwa kwa lolote.

Siku hukumu ilipotoka nililifungua kundi nikiwa na nia ya kuufuta ujumbe wangu. Muda wa kuufuta kwa wote ulikuwa umekwisha kupita. Chini yake binamu yangu alikuwa ameweka dole gumba.

Oktoba ile tulikuwa tukifanya marudio ya uambishaji kwa ajili ya upimaji wa kitaifa wa kidato cha pili. Niliomba mifano ya vitenzi vyenye "ji", nikapewa ile ninayopewa kila mwaka, amejikata, amejificha, anajisomea, kisha mvulana mmoja wa nyuma akasema "amejitakia", na darasa likacheka ile cheko ya watu wanaojua neno limetoka wapi. Ningeweza kulipita. Nililiandika ubaoni na kuwaomba walikate vipande. Walilikata vizuri, wakisaidiana: "a", nafsi ya tatu umoja, "me", hali timilifu, "ji", kujitendea, "tak", mzizi, "i", kauli ya kutendea, "a", kiishio. Nilipigia mstari mzizi, kama ninavyofanya siku zote. Msichana aliyekaa dirishani, ambaye kwa kawaida husubiri aitwe ndipo aseme, alinyoosha mkono.

"Mwalimu, kwani alitaka nini?"

Kicheko kilikuwa kimekwisha. Niliutazama ubao kwa muda mrefu kuliko inavyompasa mwalimu, nikasema kwamba hilo tutaliendeleza kipindi kijacho. Kipindi kijacho kilikuwa cha insha.